Shamba la Pembe, Shamba la Bibi: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Nasaba Mombasa

Kisa hiki kililetwa na mama mmoja wa Majengo, mwenye umri unaokaribia miaka 60, aliyefika kwenye kikao chetu cha Jumamosi huko Kibokoni akiwa na bahasha ya kaki na ombi lililoonekana jepesi. Alitaka shajara ya ukoo wake, yaani mchoro wa nasaba yao, isahihishwe na kuandikwa upya kwa mwandiko mzuri, aitundike ukumbini na kuwagawia watoto wake nakala, kabla shangazi yake, ambaye ndiye mkubwa aliyesalia, hajaondoka na yale anayoyajua. Ameniruhusu kukieleza kwa sharti kwamba nisitaje jina la mtu yeyote wa ukoo wake, aliye hai wala aliyefariki, wala namba ya shamba. Kwa hiyo waliotangulia nitawaita kama walivyojulikana nyumbani: Nahodha, Fundi, na yule ambaye kisa chote kilikuja kumzunguka, Bibi.

Chama chetu cha nasaba ni watu wachache wa mitaa ya kisiwani, wengi wao wastaafu, ambao hukutana barazani kwa mwenzetu mmoja kusoma makaratasi ya koo zao na ya wageni wanaokuja kuomba msaada. Yumo Maalim, ambaye amesomesha madrasa miaka mingi na anasoma khati za zamani. Yumo aliyekuwa karani wa mahakama, ambaye sote humwita Bwana Karani. Na yumo kijana wa chuo ambaye kazi yake ni kurekodi sauti na kupiga picha karatasi. Hatumfanyii mtu utafiti akiwa hayupo. Mwenye ukoo huketi nasi na kuifungua bahasha yake kwa mkono wake, na kanuni yetu isiyo na mjadala ni kwamba kila kiungo baina ya mtoto na mzazi kisimame juu ya ushahidi wake, hata kama shajara yenyewe imetundikwa ukutani tangu enzi za mababu.

Shajara ya Mama ilikuwa na vizazi 7 vya wanaume, mmoja juu ya mwingine, kila mmoja akifungwa kwa mwenzake kwa neno "bin", kutoka kwa baba yake Mama hadi kwa mtu aliyesemekana kushuka Mombasa akitoka Shihiri, katika pwani ya Hadhramaut. Mwanamke alikuwamo mmoja tu, naye ni Mama mwenyewe, aliyejiongeza chini kabisa kwa penseli. Juu ya baba yake aliandikwa babu yake, kwa jina lake na cheo cha nahodha, na juu ya mtu huyo familia ilisimulia habari za namna mbili. Katika habari za kwanza alikuwa baharia aliyeendesha jahazi baina ya Mombasa, Lamu na Unguja katika enzi ya Seyyid Barghash, akingojea kusi na kaskazi kama mabaharia wote wa zama zake, na akanunua shamba la minazi Kisauni. Katika habari za pili alikuwa seremala hodari, mtengenezaji wa milango na masanduku, ambaye katikati ya miaka ya 1950 aliuza sehemu yake ya shamba hilo ili kumsomesha mwanawe.

Kazi ya kwanza ilikuwa hesabu. Seyyid Barghash alitawala Unguja kuanzia 1870 hadi 1888, na mtu aliyeaminiwa chombo na mali za watu wakati huo hakuwa kijana wa miaka 15. Tukimpa miaka 25 tu mwishoni mwa utawala huo, basi alipouza shamba alikuwa amepita miaka 90, na shangazi, anayekadiria kwamba alizaliwa karibu na 1940, alizaliwa na baba mwenye miaka karibu 80. Hayo hayakatazwi na maumbile, lakini hati ya mauzo ilikuwa na sahihi iliyonyooka, ya mkono uliozoea kalamu na patasi, na shangazi mwenyewe alimkumbuka baba yake akipanda juu ya paa kubadilisha makuti. Hapakuwa na njia ila kukubali kwamba walikuwa watu wawili wenye jina moja, babu na mjukuu, ambao kumbukumbu ya familia iliwakunja wakawa mtu mmoja.

Kwa yeyote anayezijua koo za Mombasa hili si ajabu. Mtoto hupewa jina la babu yake, wazazi wakamwita "baba" kwa heshima ya jina hilo, na baada ya vizazi vitatu majina mawili au matatu yamekuwa yakipokezana kama zamu za ulinzi. Anayeandika shajara kutoka mdomoni mwa wazee akisikia jina lile lile mara mbili hudhani msimulizi amejirudia, akaliandika mara moja tu. Kosa hili tumelikuta mara nyingi kiasi kwamba tumelizoea, na mazoea hayo yalitaka kutuponza. Tulichora kisanduku kitupu baina ya Nahodha na Fundi, tukaandika "mwana wa Nahodha, jina halijulikani", na mimi mwenyewe ndiye niliyependekeza kwamba shughuli imekwisha na Mama apelekewe fundi wa kuandika. Sikujiuliza kwa nini nilichukulia kwamba aliyekuwa katikati alikuwa mwanamume.

Aliyetuzuia ni shangazi, tena bila kukusudia. Tulimtembelea nyumbani kwake kumsomea shajara mpya, na baina ya kahawa na tende kijana wetu alimsomea pia nakala ya barua ya zamani iliyokuwa katika bahasha, ambayo jamaa mmoja alikuwa ameigeuza kutoka khati za Kiarabu kwenda herufi za Kirumi zamani kidogo, kwa taipureta. Barua ilikuwa fupi, ya mambo ya nazi na malipo ya wakwezi, na ndani yake lilitajwa "shamba la pembe". Shangazi aliuliza, "Shamba la pembe gani hilo? Sisi twalikwenda kwa Bibi." Sisi watu wazima tulimjibu kwamba pengine ni shamba jingine, tukaendelea na kahawa. Kijana, ambaye sauti yote ilikuwa ndani ya simu yake, aliisikiliza tena usiku ule na kutuuliza siku ya pili kama mtu amewahi kuiona barua yenyewe.

Barua yenyewe ilikuwamo ndani ya ile bahasha, imekunjwa mara nne. Hapa yafaa nieleze jambo ambalo vijana wengi hawajawahi kufundishwa. Waswahili wa zamani waliandika lugha yao kwa herufi za Kiarabu, ambazo hazikuundwa kwa sauti zetu. Katika mwandiko wa kale herufi moja ya ba hubeba sauti ya b, ya p na ya mb. Irabu ya e haitofautishwi na ya i, wala ya o na ya u. Kwa sababu hiyo neno "pembe" na neno "bibi" huandikwa sawasawa kabisa, na msomaji hutegemea maana ya sentensi na ujuzi wake wa mambo. Wanazuoni wa Mombasa walilijua tatizo hili, na marehemu Sheikh Yahya Ali Omar ni miongoni mwa waliotengeneza utaratibu kamili wa kuzipa sauti za Kiswahili herufi zake mbalimbali. Lakini mwandishi wa barua ya nazi hakuwa na haja ya utaratibu wowote, kwa maana yeye na aliyemwandikia walijua ni shamba la nani. Aliyekuwa hajui ni jamaa wa taipureta. Alisoma "pembe", na kwa kuwa shamba linaweza kuwa pembeni mwa kitu fulani, neno likakaa.

Maalim aliisoma barua mara tatu, akasema yeye hawezi kuapa kwa herufi hizo peke yake. Aliongeza hata hivyo kwamba mtu wa Mombasa akitaka kueleza shamba lililo pembeni husema "shamba la pembeni", na silabi ya mwisho haikuwamo. Alikuwa na haki ya kusita. Usomaji wa neno moja, hata ukiungwa mkono na kumbukumbu ya bibi kizee, hauwezi kuondoa mwanamume katika shajara na kumweka mwanamke. Unaweza tu kumrudisha mtafiti kwenye makaratasi mengine na swali jipya. Swali letu jipya lilikuwa kama palikuwa na mwanamke aliyemiliki shamba la Kisauni baada ya Nahodha.

Jibu lilikuwa katika karatasi ambayo familia ilikuwa nayo tangu zamani na haikuisoma kwa sababu iliandikwa Kiingereza na kujaa mihuri. Mwaka 1908 ilitungwa sheria ya hati za ardhi kwa ajili ya ukanda wa pwani, iliyomtaka kila mwenye kudai ardhi apeleke madai yake mbele ya msajili, pamoja na mashahidi na mipaka, na ardhi isiyodaiwa na mtu ikahesabiwa kuwa ya Serikali. Sheria hiyo iliwapotezea wengi mashamba yao, na machungu yake hayajaisha katika pwani hii. Kwa mtafiti wa nasaba, hata hivyo, iliacha hazina, kwa kuwa ililazimisha familia kusema kwa maandishi nani ana sehemu gani, miaka 20 kabla ya sheria ya mwaka 1928 ya kuandikisha vizazi na vifo, ambayo nayo haikuwafikia watu wote kwa wakati mmoja. Hati ya shamba la Kisauni, iliyotolewa chini ya sheria hiyo ya 1908, ilitaja wamiliki watatu wasiogawana ardhi kwa mipaka: mwanamke mmoja mwenye sehemu 1 katika 8, mwanamke wa pili mwenye sehemu 4 katika 8, na mwanamume mwenye sehemu 3 katika 8. Uhusiano wao haukuelezwa. Nahodha hakutajwa ila kama baba wa yule mwanamke wa pili.

Bwana Karani alianza kutafuta daftari la kuandikia. Maalim alikuwa amekwisha kupata jibu. Sehemu 1, 4 na 3 katika 8 ni mgao wa mirathi ya Kiislamu ambao kila mwanafunzi wa faraidhi ameufanya ubaoni. Mtu akifa akaacha mke, binti mmoja na ndugu wa kiume wa baba mmoja, mke hupata thumuni, yaani sehemu 1 katika 8, kwa kuwa marehemu ana mtoto, binti wa pekee hupata nusu, na kinachobaki, ambacho ni thumuni tatu, huchukuliwa na ndugu kwa kuwa ndiye asaba, yaani mrithi wa upande wa baba anayepewa baki. Tuiweke kando ya mgao huo picha iliyokuwa kwenye shajara. Lau Nahodha angeacha mwana wa kiume pamoja na binti, mke angebaki na thumuni yake, lakini saba zilizobaki zingegawiwa watoto kwa kila mwana kupata mara mbili ya binti, na ndugu asingepata hata mnazi mmoja. Katika sehemu 24, mke angekuwa na 3, mwana 14 na binti 7. Hati ya 1908 na shajara ya ukutani haziwezi kuwa za kweli zote mbili.

Mwanamume mwenye thumuni tatu alikuwa na jina la baba lile lile la Nahodha, basi alikuwa nduguye. Hapa Bwana Karani alileta pingamizi lililostahili kusikilizwa, kwamba sehemu katika hati zinaweza kutokana na mauzo baina ya jamaa na zikafanana na mirathi kwa bahati. Tulikubali kwamba yawezekana kwa sehemu moja. Kwa sehemu tatu kuangukia hesabu ile kamili, huku mmoja wa wenye sehemu akiwa binti wa marehemu na mwingine nduguye, bahati hiyo ni nyembamba mno. Alipinga pia kwamba Nahodha huenda alikuwa na mwana aliyefariki mapema na kuacha mjukuu. Maalim alimjibu kwamba mwana wa mwana naye humzuia ndugu, hata akiwa bado tumboni, kwa hiyo siku Nahodha alipofariki hapakuwa na mwana wala mjukuu wa upande wa kiume. Mke mwenye thumuni, kwa maelezo ya shangazi, hakuwa mama yake Bibi. Aliolewa tena kwingine na sehemu yake ikaondoka naye, kwa hiyo hatuhusu.

Palibaki kumuunganisha Fundi na Bibi, na kazi hiyo ilifanywa na hati ya mauzo ya miaka ya 1950, ambayo tulikuwa tumeisoma mara kadhaa kwa ajili ya sahihi yake tu. Fundi aliuza theluthi moja ya shamba zima. Dada yake, ambaye Mama alimjua kwa jina tu, alitia kidole kuonyesha kwamba ameridhia, na sehemu yake ilitajwa kuwa sudusi, yaani 1 katika 6. Theluthi na sudusi jumla yake ni nusu, yaani zile thumuni nne za Bibi, zikiwa zimegawanywa mbili kwa moja baina ya mwana na binti. Hiyo ndiyo mirathi ya mama aliyefariki akiwa mjane, akaacha watoto wawili. Hakuna sentensi hata moja katika hati hizo mbili inayosema kwamba Fundi ni mwana wa Bibi, lakini hesabu zake haziwezi kusomeka kwa njia nyingine yenye maana. Nimekaa na shajara za watu miaka mingi, na sijapata kuona nasaba iliyothibitishwa kwa uzuri namna hii na watu ambao hawakuwa wakiandika nasaba.

Hivyo basi Fundi hakuwa "bin" wa mtu yeyote aliyekuwa juu yake katika shajara. Alipewa jina la babu mzaa mama, akalelewa na mama yake katika shamba la mama yake, na baba yake hakuwamo popote. Kumtafuta baba huyo kulituchukua muda kuliko yote yaliyotangulia, na matokeo yake si ya yakini kama ya Bibi.

Tuliyempata tulimpata kwa cheti cha ndoa. Mjukuu wa yule dada anaishi Mtongwe, na katika sanduku la bibi yake palikuwa na cheti kilichotolewa bibi huyo alipoolewa, wakati Fundi akiwa bado mtoto. Bibi harusi aliandikwa kuwa binti wa mtu mwenye jina la kawaida kabisa, "bin Abdallah", bila jina la ukoo wala taifa. Mahali pa wali, yaani anayemwoza bibi harusi, palikuwa na mtu wa nyumba inayojulikana ya mojawapo ya Tisa Taifa, makundi tisa ya Waswahili wa Mombasa, iliyoandikwa kwa jina lake kamili. Mahali pa mashahidi, mmoja wao alikuwa mwana wa nduguye Nahodha.

Mtu asiyezoea fiqhi ya Kishafii, ambayo ndiyo iliyofuatwa na wengi wa Waislamu wa pwani hii, ataona hapo orodha ya wageni wa harusi. Kwa anayejua, cheti hicho kinataja nasaba. Wali wa mwanamke ni jamaa wa kiume wa upande wa baba: baba, babu, ndugu aliyebaleghe, mwana wa ndugu, ami na wana wa ami. Wakikosekana hao wote, na baba akiwa ni mtu aliyeachwa huru, uwalii humwendea aliyemwacha huru na jamaa zake wa kiume kwa njia ya walaa, yaani kifungo kinachobaki baina ya aliyeachwa huru na aliyemwacha. Wakikosekana hao pia, kadhi huoza. Lau dada huyu angekuwa wa mlango wa Nahodha kwa upande wa baba, kama shajara ilivyodai, basi mwana wa nduguye Nahodha angekuwa ndiye wali wake au karibu na kuwa wali. Yeye alikuwapo, alisimama pale pale, na alikuwa shahidi.

Bwana Karani hakukubali mara moja. Kwa muda mrefu aliokaa mahakamani ameona wali wengi wakimwachia mtu mwingine aoze kwa niaba yao, na makarani wakaandika jina la wakili mahali pa wali. Huenda mwana wa nduguye Nahodha alimweka mtu wa heshima wa nyumba nyingine kuwa wakili wake, kisha yeye akaketi na mashahidi. Maalim alimwomba radhi kwanza, kwa kuwa Bwana Karani ni mkubwa wake, halafu akasema kwamba njia hiyo imefungwa: wali aliye peke yake akiweka wakili kisha yeye mwenyewe akahudhuria kama mmoja wa mashahidi wawili, ndoa haisihi kwa Mashafii, na kadhi aliyesimamia angelijua hilo kabla hajaketi. Walinyamaza kidogo wote wawili. Ilikuwa ni furaha kuwaona wazee wale wakishindana kwa adabu juu ya harusi ya watu ambao hawakupata kuwaona.

Hata hivyo palikuwa na uwezekano mwingine ambao sheria haiufungi. Pengine baba yake Fundi alikuwa wa nyumba ile ya Tisa Taifa kwa damu. Ushahidi unaoelekea upande wa pili, yaani kwamba aliachwa huru na nyumba hiyo, ni huu. Jina la nyumba limeandikwa kwa wali na halikuandikwa kwa baba wa bibi harusi, na katika cheti kile wengine wote wenye nyumba wametajwa nazo. "Bin Abdallah", yaani mwana wa mja wa Mwenyezi Mungu, ni jina walilopewa mara nyingi watu ambao baba zao hawakujulikana, wakiwamo walioachwa huru na waliosilimu; lakini Abdallah ni jina la watu wengi mno, na kwa peke yake halithibitishi chochote. Lililotia uzito ni maneno ya shangazi, aliyesema kwamba siku za Idi, walipokuwa wadogo, baba yao aliwapeleka nyumba ile kutoa mkono, wakapewa halua na senti, na wenyeji wakawaita "watoto wa nyumbani". Katika Mji wa Kale neno hilo lilitumika kwa adabu kuwataja watu waliofungamana na nyumba kwa utumwa wa wazee wao. Kwa hiyo tuliandika katika jalada kwamba yaelekea sana mume wa Bibi alikuwa mtu aliyeachwa huru na nyumba hiyo, kabla ya sheria ya mwaka 1907 iliyoondoa hali ya utumwa pwani au karibu na wakati huo, na tukaweka neno "yaelekea" kwa makusudi.

Mwenzetu mmoja alitaka twende Freretown, iliyoko Kisauni na iliyoanzishwa na wamisionari wa CMS (Church Missionary Society) mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa. Tulikataa. Madaftari ya huko ni ya ubatizo, na mtu tuliyemtafuta aliachwa huru na nyumba ya Kiislamu na watoto wake waliozwa na kadhi. Ujirani wa shamba na misheni hautoshi kuwa sababu.

Swali la kwa nini nasaba ya mama iligeuzwa kuwa ya baba lilimsumbua Mama kuliko nasaba yenyewe. Sina karatasi inayolijibu, ila nayajua mazingira. Fundi alifikia utu uzima wakati ambapo Serikali ya kikoloni iliwagawa watu kuwa wenyeji na wasio wenyeji, na mgawanyo huo ukaamua nani abebe kipande, yaani kitambulisho cha lazima, kilichowekwa kwa sheria ya 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, na nani alipe kodi ya aina gani. Miaka ile ya 1920 Waswahili wa mataifa 12 ya Mombasa wenyewe walikuwa wakipigania wasihesabiwe wenyeji. Kijana mwenye jina la babu Mshihiri, anayeishi katika shamba la babu huyo, akiulizwa na karani "bin nani?", alikuwa na majibu mawili, na moja lilikuwa na gharama. Hatujui alijibu nini. Tunajua kwamba katika hati ya mauzo ya miaka ya 1950 anajiita kwa ukoo wa Nahodha.

Kuhusu ndoa ya Bibi mwenyewe, ambayo kwa watu wa wakati ule ilikuwa na swali la kufu, yaani usawa wa hadhi baina ya mume na mke, twaweza kusema tu kwamba kufu husamehewa bibi harusi na wali wake wakiridhia, na wali wake alikuwa ami yake, mwenye thumuni tatu. Mwana wa ami huyo alikuja kuwa shahidi katika harusi ya binti wa ndoa hiyo hiyo. Kama palikuwa na uchungu baina yao, haukudumu.

Habari hizi tulimpa Mama peke yake kwanza, Maalim na mimi, mchana, bila kijana na simu yake. Alisikiliza, akaomba aoneshwe tena ile theluthi na sudusi, akazijumlisha mwenyewe kwa kidole mezani. Aliyekasirika ni ndugu yake mdogo, ambaye alihofu kwamba watu wa upande wa ndugu ya Nahodha, ambao bado wana sehemu Kisauni, watasema sasa kwamba Mama na jamaa zake si wa ukoo na hawana haki. Bwana Karani alimweleza jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo lenye faida kubwa katika kisa hiki. Haki ya uzao wa Bibi, iliyobaki katika ile sehemu ya dada wa Fundi isiyouzwa na kwa warithi wake, imesimama juu ya nusu ya binti wa Nahodha. Wakishikilia kwamba walitokana na mwana wa Nahodha, wanadai kwa njia ambayo hati yao wenyewe inaikanusha, kwa kuwa hati hiyo haina mwana. Shajara ya zamani ndiyo iliyokuwa hatari kwao. Ndugu huyo wa Mama hakutabasamu, lakini aliomba nakala.

Karatasi mpya imekwisha kuandikwa. Baina ya Nahodha na Fundi yumo Bibi, kwa jina lake kamili kama lilivyo katika hati, na mstari wa kutoka kwake hadi kwa Fundi umepigwa kwa wino mzito. Mumewe amewekwa pembeni yake kwa jina lake na "bin Abdallah", na mstari wake na nyumba ya Tisa Taifa ni wa nukta. Juu ya Nahodha vizazi vile vya Shihiri tumeviacha kwa penseli, kwa maana hatujaviona katika karatasi yoyote. Shangazi aliposomewa aliuliza kama dada wa Fundi naye yumo, akaambiwa yumo pamoja na watu wote wa Mtongwe, akasema basi nao waletewe nakala.

Nukta zile haziwezi kuwa mstari ila kwa maandishi ya nyumba yenyewe, ikiwa waliweka hati ya kumwacha mtu huru au hata daftari la wakwezi na mishahara yao. Mzee wa nyumba hiyo amekubali kutufungulia makasha baada ya Idi, kwa sharti kwamba tusije kama chama. Anataka aje Mama mwenyewe na shangazi yake, watoe mkono kwanza.